Kopo la maziwa, kikombe cha chai na damu ya mtoto



Makala ya juma hili nayaandikia Meru, mbali na joto letu la Pwani, nikiwa nimejitanda shali mbili, na mbele yangu pana kikombe cha chai ambacho sikitazami tena kama nilivyozoea kukitazama. Nimekuja huku kumjulia hali mpwa wangu, binti wa kakangu, aliyeolewa katika familia ya Kiislamu ya mjini hapa, pamoja na mwanawe wa kwanza ambaye mwezi huu ametimiza mwaka mmoja, alhamdulillahi. Mpwa wangu mwenyewe ndiye aliyeniomba nikiandike kisa cha mtoto huyu, bila ya majina, ili wazazi wengine wazinduke. Nami nimekubali, kwani sehemu kubwa ya kosa lililotendeka ilikuwa yangu.

Mpwa wangu alipojifungua alishikwa na maradhi yaliyomlaza hospitalini kwa wiki kadhaa, na maziwa yake yakakatika. Daktari aliagiza mtoto apewe maziwa ya kopo. Mtoto aliyapokea vyema, akanawiri. Alipofika miezi mitano kazi ya mumewe ikalegea, na bei ya kopo ikawa mzigo mzito. Wakaanza kuyazimua: penye vijiko vinne wakatia viwili, maji yakabaki yale yale, ili kopo la juma moja lifike majuma mawili. Kisha siku moja akanipigia simu.

"Shangazi, kopo limetushinda," alinambia. "Mama mkwe asema ng'ombe yuko uani na maziwa yamejaa sufuria, ya nini kununua unga dukani? Wewe waonaje?"

"Mkweo asema kweli, mwanangu," nikamjibu bila ya kufikiri. "Nyinyi nyote tumewalea kwa maziwa ya ng'ombe, chai ya maziwa na mkate wa kuchovya. Nani aliyedhurika?"

Basi kopo likaachwa. Mtoto akawa anakunywa maziwa ya ng'ombe asubuhi, mchana na jioni, na katikati akipewa chai ya maziwa kwa kijiko, kama ilivyo ada katika nyumba nyingi za huku, ambako chai hulimwa mlimani na maziwa hukamwa uani. Aliendelea kuwa mnene. Mashavu yalijaa, na kila mgeni alisema mashallah. Lakini kidogo kidogo ucheshi ukampungua. Hakutaka kutambaa, alilala sana, na alipoamka alikuwa mwepesi wa kulia. Tukasema ni meno. Tukasema ni baridi. Wengine wakasema ni jicho la watu.

Alipopelekwa kliniki kwa chanjo ya surua ya miezi tisa, muuguzi alimfungua kiganja, akakiweka kando ya kiganja cha mamake, akavitazama vyote viwili kwa muda. "Mama," akauliza, "mtoto huyu hula nini?" Siku hiyo hiyo damu yake ikapimwa. Himoglobini, ile chembechembe inayoipa damu wekundu wake na kuibeba pumzi mwilini, ilikuwa gramu 7.6 kwa desilita. Mtoto wa umri ule hutarajiwa awe na takriban 11 au zaidi. Malaria haikuonekana. Sababu ilikuwa moja: mtoto aliishiwa na madini ya chuma, naye alikuwa ameshiba kila siku.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kushiba na kulishwa ni mambo mawili.

Chuma ni neno kubwa katika dini yetu, hata sura nzima ya Qur'ani imeitwa kwa jina lake, Suratul Hadid, na humo Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa ndani yake mna nguvu na manufaa kwa watu. Mafundi wetu wanakijua katika nanga na jembe. Sisi akina mama yatupasa tukijue pia katika damu, kwa sababu bila ya madini hayo mwili hauwezi kutengeneza himoglobini, na ubongo wa mtoto, ambao hukua kwa kasi kubwa katika miaka miwili ya mwanzo, hukosa kitu unachokihitaji ili ujengeke sawasawa. Madaktari waliowafuatilia watoto kwa miaka mingi nchini Costa Rica waliona kwamba waliopungukiwa sana na chuma wakiwa wachanga walibaki nyuma ya wenzao katika masomo na fahamu hata walipokuwa vijana, ingawa damu yao ilikuwa imetibiwa zamani. Ndiyo maana kinga ni bora kuliko tiba katika jambo hili kuliko mengi mengine: damu hurudi, lakini muda wa ubongo uliopita haurudi.

Mtoto hukipata wapi chuma chake? Akiba ya kwanza hupewa tumboni mwa mamake, hasa katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito mdogo, au pacha, huja duniani na ghala lisilojaa, na daktari huenda akampa dawa ya chuma mapema. Mama naye akiwa na upungufu wa damu, akiba hiyo huweza kupungua. Vidonge vya chuma na asidi ya foliki ambavyo wajawazito hupewa kliniki humu nchini, miligramu 60 za chuma kwa siku, vina kazi hiyo pia. Najua vinachafua moyo na kufunga choo, na najua vingi huishia chini ya godoro. Tuvinywe usiku baada ya chakula, wala tusivitupe.

Akiba ya pili hutolewa wakati wa kuzaliwa. Kondo la nyuma lina damu ya mtoto mwenyewe, na mkunga akisubiri dakika moja hadi tatu kabla ya kubana kitovu, sehemu ya damu hiyo humrudia mtoto pamoja na chuma chake. Shirika la Afya Duniani limeusia jambo hili, na halina gharama yoyote. Mjamzito anaweza kumuuliza mkunga wake mapema kwa upole kama ndivyo wanavyofanya.

Akiba hizo mbili humtosha mtoto aliyetimiza siku zake kwa muda wa miezi minne hadi sita. Maziwa ya mama yana chuma kidogo, lakini chuma hicho mwili wa mtoto hukipokea vizuri kuliko cha maziwa mengine yoyote. Kwa sababu hiyo mtoto mzima wa afya hahitaji kitu kingine ila ziwa la mamake hadi miezi sita. Baada ya hapo ghala linapwaya, na hapo ndipo chakula chenye chuma kinapokuwa lazima, huku kunyonya kukiendelea. Aya ya 233 ya Suratul Baqara imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza, na aya hiyo hiyo ikaweka juu ya baba chakula na nguo za mama, na mashauriano kati ya wazazi wawili. Kwangu mimi, aya hiyo imebeba ndani yake somo zima la lishe: mtoto ananyonya, mama analishwa, na baba hayuko kando.

Sasa tulitazame kopo. Kuna akina mama wasioweza kunyonyesha, kwa maradhi, kwa dawa kali, au kwa kuwa wamefariki na kuacha yatima. Kwa mtoto asiyenyonya, maziwa ya kopo yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wachanga na kutiwa madini ya chuma ndiyo badali inayofaa, hasa kabla ya miezi sita. Chuma cha kopo hakipokewi vizuri na mwili kama cha ziwa, ndiyo maana hutiwa kingi zaidi. Huko Marekani, kuenea kwa maziwa hayo tangu miaka ya 1970, pamoja na mpango wa serikali wa kuwasaidia akina mama wenye kipato kidogo, ni miongoni mwa mambo yaliyopunguza sana upungufu wa damu kwa watoto wa maskini. Unaponunua, soma ubavuni mwa kopo: umri wa mtoto aliyekusudiwa, na chuma kama kimetajwa katika orodha ya virutubisho. Maziwa ya unga ya kawaida, yale ya kutia chai, si maziwa ya mtoto mchanga hata yakiwa katika kopo zuri.

Wengine huyaogopa maziwa yenye chuma wakisema yanafunga choo na kuleta msokoto wa tumbo. Tafiti zilizolinganisha watoto waliopewa maziwa yenye chuma kingi na wenzao waliopewa yenye chuma kidogo hazikuona tofauti hiyo. Choo huweza kuwa cheusi au cha kijani, na hilo halina madhara.

Jambo lenye madhara ni lile walilolifanya jamaa zangu: kuyazimua. Kipimo kilichoandikwa kwenye kopo kimehesabiwa. Ukitia nusu ya unga, umempa mtoto nusu ya chakula na nusu ya chuma, na tumbo lililojaa maji. Kisha kuna usafi. Maji yachemshwe, chombo kichemshwe, maziwa yatengenezwe wakati wa kunywewa, na yanayobaki yamwagwe. Kikombe kidogo cha wazi ni salama kuliko chupa yenye chuchu ambayo ni taabu kuisafisha.

Nisieleweke vibaya: kopo ni dharura, halishindani na ziwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inayosimamia badali za maziwa ya mama imepiga marufuku kuyatangaza maziwa hayo na kugawa sampuli za bure kwa akina mama, kwa kufuata kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 1981. Sababu yake tunaijua: mama aliyeonjeshwa kopo la bure, maziwa yake yakishakauka, hubaki mteja kwa lazima. Na mama ambaye maziwa yake yamepungua asikate tamaa haraka. Mara nyingi mtoto akiwekwa ziwani mara kwa mara, maziwa hurudi. Mpwa wangu hakuambiwa hilo na yeyote, nami sikumwambia.

Kuhusu maziwa ya ng'ombe, neema ya mlima huu, tatizo lake ni kwamba yana chuma kidogo sana, na hicho kidogo hakipokewi vizuri. Zaidi ya hayo huweza kuukwaruza utumbo mchanga ukavuja damu kidogo kidogo pasipo kuonekana kwa macho. Chini ya miezi sita hayafai. Kati ya miezi sita na kumi na moja, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unakubali kwamba mtoto asiyenyonya anaweza kupewa maziwa ya kopo au ya mnyama, na hiyo ni nafuu kwa asiye na uwezo. Lakini atakayempa ya mnyama ajue kwamba chuma lazima kitoke kwenye sahani, au kwenye dawa kwa ushauri wa kliniki. Maziwa yasijaze tumbo hadi chakula kikose nafasi.

Na chai? Majani ya chai yanayotoka mashamba ya Imenti, ya Igembe na ya miteremko ya Embu ni riziki ya maelfu ya familia, nami nayapenda. Lakini chai ina tanini, inayokikamata chuma cha mboga na nafaka tumboni kikapita bila ya kuingia mwilini. Mtoto mchanga hana haja nayo hata tone. Mama mjamzito au anayenyonyesha na ainywe, lakini saa moja au mbili kando ya chakula na kidonge chake.

Sasa mtu ataniuliza: ikiwa chuma ni kizuri hivyo, kwa nini tusiwape watoto wote dawa yake? Jibu la swali hilo lilitoka kwetu, katika visiwa vya Zanzibar. Kule Pemba watafiti waliwapa maelfu ya watoto wadogo chuma na asidi ya foliki kila siku, wakitumaini kuwakinga. Mwaka 2003 ilibidi sehemu hiyo ya utafiti isimamishwe, kwa sababu waliopewa chuma walilazwa hospitalini au kufariki zaidi kuliko wenzao, kwa asilimia 12. Pemba wakati ule ilikuwa na malaria nyingi mno, na chuma kinachotiwa ghafla katika mwili usio na upungufu huweza kuwanufaisha vimelea. Lakini katika kundi dogo lililopimwa damu na kutibiwa malaria mapema, watoto waliokuwa kweli na upungufu walinufaika. Hapa Kenya nako, katika kaunti ya Kwale, watafiti waliwatilia watoto wa miezi sita unga wa chuma katika uji, wakaona vijidudu vibaya vimeongezeka matumboni mwao na utumbo umevimba kwa ndani. Na huko Chile, watoto ambao damu yao ilikuwa njema tangu mwanzo, kisha wakapewa maziwa yenye chuma kingi, walipofika miaka kumi walipata alama za chini katika mitihani ya akili kuliko wenzao waliopewa yenye chuma kidogo.

Funzo la nchi zote tatu ni moja: pima kwanza. Dawa ya chuma isinunuliwe dukani kwa kukisia. Katika maeneo ya joto ya huku, kama Tharaka na Mbeere, na kwetu Pwani, iende pamoja na chandarua na kipimo cha malaria. Chupa yake iwekwe juu, mbali na mikono ya watoto, kwani wingi wake ni sumu.

Chakula hakina hofu hiyo, nacho ndicho kinga ya kila siku. Chuma cha nyama, maini, kuku na samaki huingia mwilini kwa wepesi kuliko cha mimea. Kipande cha maini kama kidole gumba, kikachemshwa na kupondwa katika viazi, kinatosha kwa mlo wa mtoto wa miezi saba. Dagaa waliokaangwa bila mafuta wakasagwa kuwa unga ni hazina ya bei nafuu. Mimea nayo isidharauliwe: kunde, njahi, maharagwe, mchicha ambao huku huitwa terere. Loweka nafaka na jamii ya kunde usiku kucha, chachusha unga wa wimbi au mtama kabla ya kuupika uji, ili vizuizi vya chuma vipungue. Kisha tia kitu chenye vitamini C: kipande cha papai, embe la Mbeere, chungwa, au nyanya katika mboga. Tangu mwaka 2012 sheria yetu inataka unga wa mahindi na wa ngano unaofungashwa viwandani uongezewe chuma. Lakini unga tunaoupeleka wenyewe mashineni kusagwa hauna nyongeza hiyo, na nyumba nyingi za Meru na Embu hula mahindi ya shamba lao.

Embu pia ina somo lake. Kuanzia mwaka 1998, huko Kyeni, watafiti wa Kenya na wa Chuo Kikuu cha California waliwapa wanafunzi wa shule kumi na mbili githeri: wengine ikiongezwa nyama, wengine mafuta, wengine wakipewa na maziwa, na kundi moja likaachwa lilinganishwe. Kwa muda wa miaka miwili, waliopewa nyama ndio waliosonga mbele zaidi katika mtihani wa kufikiri, na uwanjani walionekana wakicheza na kuwaongoza wenzao zaidi. Vipimo vya damu vilionyesha wazi kupanda kwa vitamini B12 kwa waliopata nyama au maziwa, ila kwa chuma mabadiliko hayakuonekana. Nalitaja hilo kwa uaminifu, ili tusidhani kwamba kirutubisho kimoja ndicho kila kitu. Mtoto anahitaji mlo mchanganyiko, na kinga ya maradhi juu yake.

Nimalize kisa. Mtoto wetu alipewa dawa ya chuma kwa uzito wake, kwa miezi mitatu. Chai ikafutwa, maziwa yakapunguzwa, na mumewe mpwa wangu akachukua jukumu la kupita buchani kila Jumamosi kununua robo kilo ya maini, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya kopo. Wiki ya nne mtoto akatambaa. Juzi damu yake imepimwa: 11.3.

Jioni nilipofika, mama mkwe wa mpwa wangu alinikaribisha jikoni. Nilitaka kumtaka radhi, nikakuta naye amejiandaa kunitaka mimi. "Mkwe," aliniambia, "mimi nilisema ng'ombe, wewe ukasema chai. Tulimpenda wote wawili, lakini hatukumuuliza mwenye kujua." Kisha akaniletea kikombe cha chai, na mtoto aliponyoosha mkono kukitaka, akampa embe.

Akina mama wenzangu, na akina baba mnaosoma juu ya mabega yetu, leo mfungueni mtoto kiganja, mkakilinganishe na chenu. Kikiwa cheupe, au mtoto akiwa mchovu, amepoteza hamu ya kula au anakula udongo, msingoje chanjo ijayo. Na anapokupigia simu binti akikuuliza, sisi wakongwe tujifunze kusema: ngoja, mwanangu, tumuulize anayejua.

Mwenyezi Mungu awakuze watoto wetu katika afya na imani, na atusamehe yale tuliyoyasema bila ya elimu. Aamin.